Kabla ya kuvuka kwenda Lamu, washushe watoto Garsen

Kila shule zinapokaribia kufungwa, wazazi wengi wa mjini huanza kukuna vichwa. Watoto wamechoshwa na kuta za nyumba ya kupanga, televisheni wameitazama hadi macho yanawawasha, na swali ni lile lile la kila mwaka: tuwapeleke wapi? Wale waliojaliwa kuweka akiba kidogo aghalabu huchagua kisiwa. Si ajabu. Mtoto akiambiwa kwamba mahali fulani pamezungukwa na bahari pande zote na kwamba hapafikiki ila kwa chombo, usingizi humruka wiki nzima.

Hapa kwetu Kenya, kisiwa hicho mara nyingi huwa ni Lamu. Lamu haihitaji mpiga debe. Mji wake mkongwe uliingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2001, na sifa zake zimewafikia hata watu ambao hawajawahi kuiona bahari.

Lakini leo, msomaji mpendwa, ningependa tuzungumze juu ya njia ya kwenda huko. Anayesafiri kwa barabara kutoka Mombasa au Malindi hana budi kupitia Garsen, katika Kaunti ya Tana River. Basi husimama kwa muda mfupi, abiria hununua maji na maembe, kisha dereva hupiga honi na safari ikaendelea. Ukimwuliza msafiri kama huyo alichokiona Garsen, atakujibu kwa neno moja: jua.

Maoni yangu ni kwamba familia inayokwenda Lamu ingefaidika kama ingetenga siku mbili au tatu za likizo yake kwa ajili ya Mto Tana. Nasema hivi kwa sababu ambayo ni ya nyumbani mwangu.

Mimi ni mzaliwa wa karibu na Sagana. Mama watoto wangu alizaliwa katika kijiji kimoja cha Wapokomo, si mbali na Garsen. Mungu ametujalia watoto wawili: kifungua mimba ni mvulana wa miaka 11, na kitinda mimba ni msichana wa miaka minne. Tulipowaambia mezani kwamba Desemba tungekwenda Lamu, walishangilia. Tulipoongeza kwamba tungepitia kwanza kwa nyanya yao mzaa mama, mvulana aliweka kijiko chini.

"Baba, huko si ndiko watu huuana?" akauliza. "Na nyumba si hubebwa na maji?"

Mama yake aliinuka akaenda jikoni bila kusema neno. Siku chache baadaye nilikuja kujua kwamba mwanangu, akiulizwa shuleni kwa mama yake ni wapi, hujibu kwamba ni Malindi.

Tusimlaumu mtoto. Hayo hakuyatunga. Kati ya Agosti 2012 na mwanzo wa 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano ya eneo la delta ya Tana, wakiwemo akina mama na watoto. Mafuriko nayo yamekuja mara kwa mara: mvua za El Nino za 1997 na 1998, kisha 2018, na tena 2023 na 2024. Magazeti na televisheni huitaja Tana River siku za msiba, na siku nyingine zote hunyamaza. Mtoto wa mjini atajuaje kwamba kati ya msiba na msiba kuna watu wanaolima, wanaooana na wanaocheka?

Basi tulikwenda, naye mvulana akiwa amenuna tangu stendi ya Mombasa.

Kutoka Malindi hadi Garsen ni kama kilomita 110. Sehemu kubwa ya njia ni vichaka vikavu na makundi ya ng'ombe yakiongozwa na vijana waliojitupia fimbo mabegani. Kisha, unapokaribia Minjila, penye njia panda ya kwenda Hola na Garissa, nchi hubadilika ghafla. Ukavu unakwisha na miembe mikubwa inaanza, kisha migomba na mashamba ya mpunga. Kitinda mimba wangu, ambaye hakuwa na habari ya vita wala mafuriko, alipiga kelele kana kwamba ameona bahari.

Mama mkwe alitupokea kwa maji ya kunywa na wali kwa samaki wa mtoni. Jioni alituongoza hadi ukingoni. Mto ulikuwa mpana, maji yake mazito yenye rangi ya chai ya maziwa, yakienda polepole bila kelele. Mvulana alisimama kando, mikono mfukoni, kisha akashindwa kujizuia.

"Nyanya, maji yote haya yanatoka wapi?"

"Muulize baba yako," mama mkwe akajibu akicheka. "Yanatoka kwao."

Ndiyo kweli. Wapokomo huuita mto huu Tsana. Kwetu sisi Wakikuyu jina lake ni Thagana, na ndilo lililozaa jina la mji wa Sagana. Mto Tana, ulio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, karibu kilomita 1,000, hukusanya maji ya Mlima Kenya na ya milima ya Nyandarua. Kijito ambacho mwanangu huchezea mawe akienda kumsalimu babu yake huishia hapo hapo alipokuwa amesimama na nyanya yake. Alinitazama kama aliyedhani ninamtania.

Nikaendelea kumweleza. Umeme unaowasha taa zetu Nairobi, sehemu yake huzalishwa na mto huo huo: bwawa la Kindaruma lilianza kazi mwaka 1968, na lile kubwa la Masinga likakamilika mwaka 1981. Maji ya mfereji nayo, sehemu kubwa hutoka Ndakaini, bwawa lililojengwa juu ya Mto Thika na kukamilika mwaka 1994, na Mto Thika humwaga maji yake katika Tana. Kwa hiyo mtoto wa Nairobi anayesema haujui Mto Tana, asubuhi ya siku hiyo hiyo amenawia uso maji yake.

Asubuhi iliyofuata tulipanda mtumbwi. Niseme wazi kwamba mto huu si bwawa la kuogelea la hoteli. Una mamba na una viboko, na wenyeji wanawaheshimu wote wawili. Tulikwenda na mpiga kasia mwenye uzoefu, aliyejua kila kona na kila mahali ambapo kiboko hupenda kulala. Tuliwaona watano, masikio na pua tu juu ya maji, nasi tukakaa mbali kama alivyotuelekeza. Tuliona yangeyange weupe wamejaa juu ya mti mmoja mpaka ukafanana na mti uliotoa maua, tukaona na korongo wakitembea matopeni kama wazee walioshika mikono nyuma. Eneo hili la delta liliandikishwa mwaka 2012 chini ya mkataba wa Ramsar, ambao huhifadhi ardhi oevu muhimu duniani, na ukubwa wake ni hekta 163,600. Mwaka ule ule wa umwagaji damu, ulimwengu ulikuwa ukilitambua eneo hilo kuwa hazina.

Jambo ambalo sitalisahau lilitokea usiku. Kitinda mimba alikataa kulala kwa sababu ya joto, na mama mkwe akamchukua mapajani. Alianza kumwimbia kwa sauti ya chini bembelezo la Kipokomo. Mvulana, aliyekuwa amejinyoosha mkekani, aliinuka akaketi.

"Mbona nyanya anaimba wimbo wa taifa?"

Mama mkwe hakukatiza wimbo. Mke wangu ndiye aliyemjibu, na nilisikia katika sauti yake kitu ambacho hakikuwepo usiku ule alipoinuka mezani. Alimweleza kwamba mwaka 1963, Kenya ilipokuwa ikijiandaa kwa uhuru, iliundwa kamati ya wanamuziki watano ya kuutunga wimbo wa taifa. Wanamuziki hao waliuchukua mtuo wake kutoka kwa bembelezo la Wapokomo, walilolipata kwa Mzee Meza Moroa Galana wa huku Tana River. Ndio wimbo ambao mwanangu huusimamia wima kila Jumatatu na Ijumaa gwarideni. Miaka yote hiyo amekuwa akiimba wimbo wa akina nyanya yake, mbele ya wenzake anaowaambia kwamba mama yake ni wa Malindi.

Hakusema kitu. Lakini alisogea karibu na mkeka wa nyanya yake, akasikiliza hadi mdogo wake aliposinzia.

Kuhusu swali lake la kwanza, lile la watu kuuana, nalo lilipata jibu, na halikutoka kwangu. Kila alfajiri alikuja mama mmoja wa Kiorma na kibuyu cha maziwa. Yeye na mama mkwe walisalimiana kirefu, wakaulizana hali za watoto kwa majina, kisha wakapimiana maziwa na kulipana, wakati mwingine kwa pesa na wakati mwingine kwa ndizi. Mvulana alimwuliza nyanya yake huyo ni nani.

"Huyo ni jirani," mama mkwe akasema. "Mwaka ule wa vita tulilia sote. Yeye alizika wake na sisi tukazika wetu."

Kisha akamweleza mjukuu wake mambo kwa lugha ya mtoto. Waorma ni wafugaji na Wapokomo ni wakulima, na wote wanautegemea mto mmoja. Njia ambazo ng'ombe hupitia kwenda kunywa maji huitwa malka. Shamba likiziba malka, ng'ombe hufa kwa kiu. Ng'ombe wakiingia shambani, mtu hulala njaa. Ukame unapozidi ndipo hasira hupanda, na wenye nia zao mbaya wakapata pa kuchochea. "Lakini siku nyingi kuliko hizo," akasema, "tunakunywa chai ya maziwa yake." Nilifikiri moyoni kwamba nimesoma makala nyingi kuhusu mapigano yale, na hakuna iliyoyaeleza wazi kiasi hicho.

Wenye siku za ziada wanaweza kushika barabara ya Hola waelekee Hifadhi ya Nyani ya Mto Tana, iliyoanzishwa mwaka 1976 katika misitu ya kandokando ya mto. Humo mna aina mbili za wanyama wa jamii ya kima ambao hawapatikani kwingineko duniani: mbega mwekundu wa Tana, na yule wa kahawia mwenye kishungi kichwani, ambaye wataalamu humwita mangabe wa Tana. Huko yafaa kufanya mipango mapema na kuchukua mwelekezi, kwa sababu huduma za watalii ni chache.

Sisi tulielekea upande wa bahari. Ukishapita Garsen na Gamba utafika Witu, mji mdogo ulio na historia kubwa. Hapo palikuwa na usultani uliowekwa chini ya ulinzi wa Ujerumani mwaka 1885. Mwaka 1890 Ujerumani na Uingereza zilifanya mapatano, Witu ikaangukia mikononi mwa Waingereza, na mwaka huo huo manowari zao zikaleta askari waliouteketeza mji. Mwanafunzi anayesumbuliwa na somo la ugawaji wa Afrika, hapo analikuta limetandazwa kando ya barabara.

Kutoka Witu tulichepuka hadi Kipini, mahali mto unapoingia baharini. Hapo maji ya kahawia na maji ya buluu husukumana, na mstari wa mpaka wao huonekana kwa macho. Watoto walicheza mchangani mchana kutwa. Lakini hazina ya Kipini kwa watoto wanaosoma Kiswahili ni Fumo Liyongo. Wenyeji watakuonyesha mahali panaposemekana kuwa kaburi lake. Nilimsimulia mwanangu kisa hicho tukiwa papo hapo: jitu lenye nguvu na malenga asiyeshindika, asiyedhurika kwa mshale wala mkuki, ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Mfalme wa Pate, kwa kumwogopa, alimhadaa mtoto wa Liyongo mwenyewe kwa ahadi ya kumwoza bintiye, naye mtoto akamchoma baba yake usingizini. Liyongo aliamka, akachukua upinde, akapiga goti karibu na kisima, akafa katika hali hiyo. Watu walikaa siku kadhaa bila kuthubutu kuteka maji, wakidhani yungali hai.

"Na mtoto wake?" mvulana akauliza. "Alipewa yule msichana?"

"Hakupewa."

Alitembea kimya kwa muda mrefu. Karibu na Kipini kuna pia magofu ya Ungwana, mji wa kale wa Waswahili ambao mtaalamu James Kirkman aliuchimbua katika miaka ya 1950. Kuta za misikiti zimesimama ndani ya msitu, mizizi ikizikumbatia. Mwanangu alipita humo akigusa ukuta baada ya ukuta.

Ndipo tukaenda Mokowe, tukaacha gari, tukavuka kwa mashua hadi Lamu. Yote yanayosemwa kuhusu kisiwa hicho kwa upande wa watoto ni ya kweli. Magari ni ya kuhesabu kwa vidole, kwa hiyo mzazi hahitaji kumshika mtoto mkono kila dakika. Labda umwonye ampishe punda. Punda wenyewe wana zahanati yao, ambayo imekuwepo tangu mwaka 1987, nayo kitinda mimba alitaka kuhamia huko. Kuna Ngome, iliyoanza kujengwa mwaka 1813 na kumalizika 1821, ambayo ilitumika kama jela hadi mwaka 1984. Kuna jumba la makumbusho lenye majahazi madogo ya kuchongwa na vitu vya harusi za Waswahili wa zamani. Kuna ufuo wa Shela wenye mchanga usio na mwisho. Kuna Matondoni, ambako mafundi huunda majahazi kwa mikono, na ng'ambo katika kisiwa cha Manda kuna magofu ya Takwa.

Lakini niligundua kwamba mvulana aliitazama Lamu tofauti na watoto wengine tuliokutana nao. Makumbusho yalimfanya aulize Pate iko upande gani, kwa sababu alikuwa na kesi na mfalme wa huko. Nilipomwambia kwamba utenzi mashuhuri wa Liyongo uliandikwa mwaka 1913 na Muhammad Kijumwa, mtu wa Lamu, alitaka tukamwone. Ilibidi nimweleze kwamba tumechelewa kidogo.

Kwa anayetaka kufuata njia hii, nina machache ya kumshauri. Kwanza, epuka miezi ya mvua nyingi, hasa Aprili na Mei, na pia Novemba ikiwa mvua za vuli zimezidi, kwa maana barabara kati ya Garsen na Witu hupitia mabondeni na imewahi kukatwa na maji ingawa ina lami. Pili, ulizia hali ya usalama kabla ya kuondoka. Mwaka 2014 kulitokea mashambulizi ya kikatili Mpeketoni, na kwa miaka mingi mabasi ya njia hii yalisindikizwa na polisi. Wenye mabasi na wenyeji ndio wajuao hali ilivyo wiki hiyo. Safiri mchana. Tatu, beba vyandarua, na umwone daktari kuhusu dawa za kujikinga na malaria, kwani mbu wa delta hawana mzaha. Nne, usiingie mtoni bila mwenyeji, wala usimruhusu mtoto kuchota maji peke yake. Tano, fika kwa mzee wa kijiji, jitambulishe, na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Mavazi ya heshima yatakufungulia milango mingi, Garsen na Lamu vilevile.

Na kama huna mama mkwe huko, usijali. Garsen ina nyumba za wageni za kawaida, na ukiulizia kwa adabu hutakosa mwenye mtumbwi. Pesa utakazomlipa zitabaki kijijini.

Likizo ilipokwisha, mwalimu aliwaagiza wanafunzi waandike insha kuhusu walikokwenda. Mwanangu hakunionyesha yake. Niliikuta mezani nilipokuwa nikitafuta kalamu. Nilidhani ataanza na Lamu, na bahari, na punda. Sentensi yake ya kwanza ilisema kwamba kwa mama yake ni Tana River, karibu na Garsen, na kwamba mto wa huko ni ule ule unaopita kwa babu yake. Mwalimu alikuwa ameweka alama ya mshangao pembeni kwa kalamu nyekundu.

Nilimwita mama yake aje aisome. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akaisoma tena akiwa ameketi.

Wazazi wenzangu, likizo ijayo mnaweza kuwapa watoto wenu kisiwa, nao watashukuru. Mkiwapa na mto unaokifikisha mtu huko, watajua pia maji wanayokunywa yanatoka wapi na wimbo wanaouimba ni wa nani. Lamu haitakasirika mkichelewa siku mbili. Imewangoja wageni kwa karne nyingi.